KWANINI WATU WANAPENDA PICHA? TOKA KADI ZA POSTA ZA MKOLONI MPAKA SELFI ZA BUKUNDI

Mtu mzima akifariki kijijini, moja ya kazi za mwanzo baada ya kupeana taarifa ni kutafuta picha yake. Familia nyingi mkoani Simiyu, kuanzia Bariadi mjini mpaka kata ya Bukundi kule wilaya ya Meatu, zinaijua hiyo pekuapekua. Sanduku linafunguliwa, Biblia inakung'utwa, mfuko wa kadi za kliniki unamwagwa kitandani, na mara nyingi kinachopatikana ni kitambulisho cha mpiga kura tu. Kinapelekwa kwa kijana wa steshenari, sura inakatwa, inakuzwa, marehemu anavalishwa suti ambayo hakuwahi kuivaa, na hiyo ndiyo picha ya kwenye jeneza.

Sasa wale wanaosema vijana wa siku hizi wana ushamba wa kamera, waanzie hapo kwanza. Historia ya picha Afrika Mashariki ni historia ya watu waliopigwa picha kwa miaka mingi bila wao kupewa picha.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1839 Mfaransa Louis Daguerre alitangaza njia yake ya kunasa sura kwenye bamba la shaba lililopakwa madini ya fedha. Mwaka huohuo kule Philadelphia, Marekani, jamaa anaitwa Robert Cornelius akajipiga picha mwenyewe. Yaani kamera ilivyozaliwa tu, selfi nayo ikazaliwa! Kwahiyo kupenda kujipiga hakukuletwa na Instagram.

Zanzibar haikuchelewa. Miaka ya 1840 kapteni wa Kifaransa aitwaye Charles Guillain alipita pwani yetu na kifaa cha kupigia picha za Daguerre. Kufikia mwishoni mwa karne ya 19 Unguja kulikuwa na studio kabisa, nyingi za Wagoa, maarufu ikiwa ile ya A. C. Gomes. Huko bara, wakati wa Mjerumani, alikuwepo Walther Dobbertin, aliyezunguka na kamera yake mwanzoni mwa karne ya 20. Picha zake nyingi leo ziko kwenye hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Ujerumani.

Hapo ndipo penye uchungu wenyewe. Picha nyingi za enzi hizo ziligeuzwa kadi za posta, zikauzwa kwa wasafiri wa meli, zikatumwa Ulaya. Chini yake kuna jina la mpiga picha au la studio, wakati mwingine na jina la mji. Aliyepigwa? Utakuta pameandikwa kabila tu, au "mwanamke wa Kiswahili", au "wapagazi", basi. Mama wa watu ana jina, ana ukoo, ana watoto, lakini picha imemfanya kuwa mfano wa kabila. Sura yake imevuka bahari na wajukuu wake hawajawahi kuiona.

Mambo yalianza kubadilika pale Mwafrika alipoingia studio kwa miguu yake na hela yake. Zanzibar, Capital Art Studio ilifunguliwa mwaka 1930 na Ranchhod Oza. Mombasa kulikuwa na studio ya Parekh, na Lamu kulikuwa na Omar Said Bakor aliyekata na kuunganisha picha mpaka sura ya mteja inatokea katikati ya ua. Huku ndani studio ilimpa mtu kitu ambacho kadi ya posta haikumpa, uhuru wa kuchagua. Unachagua nguo, unachagua pozi, unachagua usimame na nani. Hujawahi kupanda ndege, lakini nyuma yako kuna ndege imechorwa ukutani. Huna redio, unaazima ya studio unaipakata. Leo mtu akijipiga pembeni ya gari lisilo lake anachekwa, kumbe anaendeleza mila ya babu zake!

Vijijini mambo yalikuwa na subira zaidi. Mpiga picha alikuja na baiskeli siku ya mnada, harusi au kipaimara. Mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, na ulitakiwa ujae kwanza ndiyo ukasafishwe mjini. Kabla mkoa wa Simiyu haujaanzishwa mwaka 2012, Meatu na Bariadi zilikuwa mkoa wa Shinyanga, na safari ya mjini haikuwa ya mchezo. Ulitoa nusu ya malipo halafu ukangoja wiki, hata mwezi. Wengine waliambiwa "mkanda umeungua", na hela haikurudi ng'o. Ndiyo maana kwenye picha za zamani watu hawacheki. Una nafasi moja, imelipiwa, huwezi kuichezea.

Na hata rangi yenyewe ilikuwa na upendeleo. Kwa miaka mingi maabara za picha za rangi zilipima rangi ya ngozi kwa kadi zenye picha ya mwanamke wa kizungu, zikiitwa kadi za Shirley. Mtu mweusi akipigwa pamoja na mzungu, anabaki macho na meno. Filta za leo zinazompausha mtu bila kumuuliza zina ndugu zake wa zamani.

Kisha ikaja simu. Mwaka 1997 Philippe Kahn aliunganisha kamera na simu akawatumia watu picha ya binti yake aliyezaliwa siku hiyo. Hapa Tanzania, mwaka 2005 mpiga picha wa gazeti la Daily News, Muhidin Issa Michuzi, alianza blogu yake, na watu wakazoea kuona picha za harusi, misiba na mitoko ya watu wa kawaida mtandaoni. Instagram ikaja 2010. Leo kijana wa Bukundi anayechunga ng'ombe anaweza kupiga kwa siku moja picha nyingi kuliko alizopigwa babu yake maisha yote, na hamlipi mtu nusu.

Kwahiyo watu wanapenda picha kwa sababu picha inasema "nilikuwepo, na nilikuwa hivi nilivyotaka mwenyewe". Mtu aliyenyimwa hicho kitu vizazi vitatu, akikipata hawezi kukitumia kwa adabu.

Ila kuna sehemu mbili tunaharibu.

Ya kwanza, tumeanza kufanya kama wale wa kadi za posta. Mtu anafika Meatu, anakutana na mama wa Kitaturu au mzee wa Kihadzabe, anapiga tap tap tap, anaposti na kuandika "asili yetu". Jina hakuuliza, ruhusa hakuomba, picha yenyewe hakumtumia. Likes elfu moja, mwenye sura hana habari. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022, lakini hata bila sheria, kumuuliza mtu jina lake hakuli bando.

Ya pili, picha zetu hazikai. Karatasi ya mwaka 1975 bado ipo sandukuni, imeliwa na mende pembeni lakini sura inaonekana. Simu ikidumbukia chooni au ikiibiwa stendi, miaka minne ya maisha imeondoka nayo. Status yenyewe saa 24, kwisha. Tunapiga sana na tunahifadhi kidogo, na wajukuu wanaweza kuja kukosa picha zetu kuliko sisi tulivyokosa za mababu.

Dawa yake haina gharama kubwa. Bibi yupo hai? Mpige akiwa amevaa kitenge anachokipenda, amekaa anavyotaka yeye, siyo akiwa amelala hoi wodini. Safisha nakala mbili kwenye karatasi, moja mwachie yeye. Nyuma ya picha andika kwa kalamu jina lake kamili, kijiji na mwaka. Ndicho kitu ambacho yule mama wa kadi ya posta hakuandikiwa.