Ni Nani Abishaye Usiku?

Umekwisha kulala, msomaji wangu, katika chumba cha jumba la orofa. Taa zimezimwa, magari yamepungua barabarani, na mlinzi wa lango amejifunika koti lake. Ndipo juu ya dari yako huanguka kitu mfano wa gololi. Hudunda mara tatu, kisha hubingirika mpaka pembeni na kunyamaza. Punde ukutani wasikia ko, ko, ko. Asubuhi wampandia jirani wa juu kumlaumu kwa utundu wa watoto wake, naye akuapia kwamba hana mtoto nyumbani. Hapo moyo huingiwa na fikira mbili: ama jirani ni mwongo, ama abishaye si mtu. Fikira hizo si ngeni duniani. Zaidi ya miaka 250 iliyopita, kishindo cha namna hiyo nusura kimpeleke mtu asiye na hatia kitanzini.

Jambo hilo lilitokea London, katika kichochoro kiitwacho Cock Lane. Hapo alikaa Richard Parsons, karani wa kanisa la mtaa, ambaye alipangisha vyumba vya nyumba yake. Katika mwaka wa 1759 alikuja mpangaji, William Kent, pamoja na Fanny Lynes. Fanny alikuwa dada wa marehemu mke wa Kent, na kwa ajili ya ujamaa huo sheria ya siku zile haikuwaruhusu kuoana. Hata hivyo waliishi kama mume na mke. Kent alimkopesha mwenye nyumba gini 12, na mwenye nyumba hakuzilipa. Liweke moyoni jambo la deni hilo, maana ndilo lililosema kwa sauti kubwa kuliko mizimu yote.

Usiku mmoja Kent alipokuwa safarini, Fanny alilala na binti wa Parsons, aitwaye Elizabeth, ili asiwe peke yake. Wakasikia mikwaruzo na kugongwagongwa. Mke wa Parsons alisema kwamba labda ni mshona viatu, jirani yao, aliyezoea kufanya kazi usiku. Namheshimu mama huyu kwa neno lake hilo, kwa kuwa alianza kwa kuutazama ukuta kabla ya kuitazama ahera. Lakini kishindo kilisikika hata usiku wa Jumapili, siku ambayo mshona viatu hakufanya kazi. Basi ikasemwa kuwa ni roho ya marehemu mke wa Kent, imekuja kumwonya dada yake.

Kent na Fanny walihama, na mwezi wa Februari 1760 Fanny akafa kwa ndui. Kent akamshtaki Parsons kwa deni lake. Kisha, Januari 1762, kishindo kilirudi Cock Lane, na kila kilipokuwa kikisikika, yule binti alikuwa karibu, kitandani. Safari hii ilisemwa kuwa abishaye ni Fanny mwenyewe. Kasisi mmoja, John Moore, aliiuliza roho maswali: kubisha mara moja ni ndiyo, mara mbili ni la. Je, uliuawa? Ko. Kwa sumu? Ko. Na William Kent? Ko. Roho ikataka Kent anyongwe.

Hebu fikiri hali ya mtu huyo. Kipenzi chake amekufa mikononi mwake kwa maradhi, na sasa mji mzima wamwita mwuaji, wala hana shahidi wa kumhoji, ila ubao unaogongwa gizani. Watu walisongamana katika kichochoro hata pasiwe na mahali pa kupita. Ndugu wa mfalme naye alikwenda kusikiliza, pamoja na mabwana na mabibi wakubwa.

Mwishowe watu wenye busara waliitwa kuchunguza, miongoni mwao Samuel Johnson, mtunga kamusi mashuhuri. Roho ilikuwa imeahidi kwamba itabisha juu ya jeneza lake. Basi usiku wa tarehe 1 Februari wachunguzi waliingia katika pango la makaburi chini ya kanisa, wakaiita roho itimize ahadi. Kimya. Hata mkwaruzo haukusikika. Baadaye binti yule alionywa kwamba kishindo kisiposikika tena, wazazi wake watatiwa gerezani. Mtoto wa miaka 12 hivi angefanya nini? Aliiba kibao kidogo kilichotumiwa kuwekea birika, akakificha nguoni, na watumishi wakamwona. Mwezi wa Julai mahakama ilimwona Parsons na wenzake kuwa na hatia ya kula njama dhidi ya Kent. Parsons alipewa kifungo cha miaka 2, na kutiwa mkatale hadharani mara 3. Mkewe, yule wa kwanza kumtaja mshona viatu, alifungwa mwaka 1. Ajabu ni kwamba Parsons aliposimamishwa penye mkatale, umati haukumtupia mawe, ulimchangia fedha.

Lakini usidhani, msomaji, kwamba kila kishindo cha usiku kina mdanganyifu nyuma yake. Vingi havina mtu kabisa. Huko Uingereza palikuwa na hofu nyingine ya kale: watu waliokesha kwa mgonjwa walisikia tiki, tiki, tiki ndani ya boriti, wakasema saa ya mauti inahesabu. Tabibu Thomas Browne aliandika mwaka 1646 kwamba mlio huo ni wa mdudu. Naye alisema kweli: ni mbawakawa atobowaye miti mikuukuu, ambaye hugongesha kichwa chake katika mbao ili kumwita mwenzake. Wakeshao kwa wagonjwa walimsikia kuliko wengine kwa sababu walikuwa macho katika nyumba iliyo kimya.

Katika majumba yetu ya saruji mdudu huyo hana kazi. Hapa mbishaji mkubwa ni maji. Mtaalamu wa Urusi, Nikolai Zhukovsky, alifanya majaribio katika mabomba ya maji ya Moscow mwishoni mwa karne ya 19, akaonyesha kwa hesabu yanayotokea maji yanapozuiwa ghafula. Maji yaendayo mwendo wa meta 1 kwa sekunde katika bomba la chuma, yakifungiwa njia kwa mara moja, huligonga bomba kwa nguvu ilingayo na uzito wa maji yaliyosimama wima meta 100 na zaidi. Hapo bomba hushtuka na kuupiga ukuta. Mijini kwetu, ambako mara nyingi maji huja kwa zamu na matangi hujaa usiku watu wamelala, boya la tangi hupanda na kushuka, likifunga na kufungua, na kila mara bomba hubisha.

Tena pana baridi. Bati la urefu wa meta 3 lililochomwa na jua mchana kutwa, likipoa kwa nyuzi 30, hupungua milimita 1 hivi. Misumari hulizuia, nalo hukaza, hukaza, kisha huponyoka kwa mlio. Zege, chuma na mbao nazo hupoa, kila kitu kwa kadiri yake.

Na kwa nini tumlaumu jirani wa juu? Kwa kuwa katika saruji sauti hukimbia upesi mara kumi hivi kuliko hewani, ikapita kuta na nguzo, ikatoka darini mwako, ingawa bomba lililobisha li orofa tatu chini. Sikio halina njia ya kujua ilikoanzia. Siku moja mwulize mpangaji wa orofa ya juu kabisa, ambaye juu yake hapana ila paa. Yamkini atakuambia kwamba yeye pia hawapendi watoto wa watu wa juu, wanaocheza gololi saa 8 za usiku.