Kushoto au Kulia: Historia ya Kuutazama Mlima Kilimanjaro kutoka Angani

Desturi ya abiria kuchagua upande wa ndege ili waone mandhari haikuzaliwa pamoja na usafiri wa anga, kwa kuwa katika miongo ya mwanzo ya usafiri huo Afrika Mashariki rubani ndiye aliyeisogeza ndege kwenye mandhari, na abiria akasubiri kuoneshwa. Tarehe 8 Januari 1930 Mswisi Walter Mittelholzer, rubani aliyekuwa pia mpigapicha mashuhuri wa angani, aliruka juu ya Kilimanjaro na kuwa wa kwanza kufanya hivyo. Kwa mtu wa kazi yake swali la kuketi kushoto au kulia halikuwa na uzito, kwani aliweza kuigeuza ndege ifuate picha aliyoitaka.

Hali ilikuwa karibu hiyo hiyo hata safari za ratiba zilipoanza. Mwezi Februari 1931 shirika la Imperial Airways la Uingereza lilifungua njia ya London hadi Mwanza, na mwaka 1937 likaleta ndege za Short Empire, ambazo tumbo lake liliundwa kama la mashua ili ziweze kutua majini, zikipitia Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi kuelekea Durban. Ndege hizo hazikuwa na shinikizo la hewa la kutengenezwa, yaani mtambo wa kusukuma hewa ndani ili watu wapumue vizuri juu sana, na kwa sababu hiyo ziliruka chini; juu ya Nile marubani walishuka zaidi ili makundi ya tembo yaonekane. Ndani yake kulikuwa na chumba chenye nafasi ya kusimama na kutembea kando ya madirisha ya upande wa kushoto, ambapo abiria aliweka viwiko juu ya reli na kutazama nje. Waliounda ndege, basi, walikuwa wamekwisha kumchagulia abiria upande, ingawa haifai kusahau kwamba abiria mwenyewe alikuwa ofisa wa kikoloni au tajiri, na wenyeji wa nchi iliyotazamwa hawakupata dirisha lile.

Badiliko lilikuja baada ya Vita Kuu ya Pili. Shirika la East African Airways, lililoanza safari mwaka 1946, lilitumia kwa miaka mingi ndege za DC-3, maarufu kwa jina la Dakota, ambazo kwa kawaida ziliruka chini ya kilele cha Kilimanjaro chenye mita 5,895, hata abiria akalazimika kuinua macho ili akione. Mwaka 1960 shirika hilo lilipopokea ndege za jeti aina ya Comet, mlima ulianza kutazamwa kutoka juu, kwa muda mfupi, katika njia ambayo rubani hakuwa tena na uhuru wa kuizungusha ndege apendavyo. Tangu hapo mlima ulionekana upande mmoja tu, na aliyeketi upande wa pili aliambulia kusikia tangazo la rubani.

Maarifa yaliyokuwa ya rubani yakawa hivyo ya msafiri, nayo hutegemea njia kuliko mlima wenyewe. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Nairobi huupata Kilimanjaro kushoto, na anaporudi huupata kulia. Anayetoka Dar es Salaam kwenda Uwanja wa Ndege wa Kilimanjaro, uliofunguliwa mwaka 1971 kusini-magharibi mwa mlima, huupata kulia, kwa sababu ndege hupita kusini yake. Saa nayo ina neno lake: asubuhi jua huangaza miteremko ya mashariki, ile inayotazamana na njia ya Nairobi, ilhali kuelekea mchana mawingu hupanda na mara nyingi huufunika mlima wote.

Aina ya ndege huongeza sharti jingine. Ndege za pangaboi kama Q400, ambazo Air Tanzania ilianza kuzipokea mwaka 2016, zina bawa juu ya madirisha, jambo linalofungua mandhari ya chini. Lakini injini na magurudumu yake huning'inia chini ya bawa hilo, hivyo aliyeketi safu za katikati hutazamana na chuma hata akiwa amechagua upande ulio sahihi.