Kabla Sijakwambia Ukimbie

Leo sina video ya kuchekesha. Nina maandishi marefu kidogo, kwa hivyo kama uko kwenye matatu, tafuta kiti kwanza.

Mwaka jana nilimuumiza mtu. Sikumgusa hata kidole. Nilimpa ushauri wa kukimbia kupitia simu, naye akaufuata.

Mnaonifuata siku nyingi mnaikumbuka ile programu yangu ya "Siku 30, kutoka sifuri hadi kilomita 10". Nilikuwa nimeacha chuo kikuu, kazi sina, nina simu nzuri na mbio zangu za jioni pale Mama Ngina. Nikaona watu wa ng'ambo wanaweka ratiba za mbio na wanatazamwa. Nikachukua ratiba moja, nikaitia Kiswahili, nikaweka na muziki. Ikasambaa.

Kati ya walioifuata alikuwa mtoto wa ami yangu, anakaa Kibokoni, na kazi yake ilikuwa ya kusimama dukani kutwa. Wiki ya pili akaniandikia kwamba muundi unamuuma, pahali pamoja tu, akipabonyeza anaruka. Nikamjibu: "Kaza dadangu, mwili unazoea." Akakaza. Wiki ya tatu akashindwa kushuka ngazi za nyumba yao. Hospitali wakamwambia mfupa umeingia ufa, akae wiki sita bila kukimbia na apunguze kusimama. Kazini hawakumngoja.

Nilipokwenda kumtazama, mamake alinikaribisha chai kama kawaida. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, kabla hujamwambia akimbie, ulimtazama anavyotembea?"

Sikuwa na jibu. Nikarudi nyumbani nikaanza kusoma. Kumbe ushauri wa kukimbia una historia yake, na historia hiyo imepita hapa hapa kisiwani kwetu.

Tuanze mbali kidogo. Miaka ya 1960 mwanzoni, huko nchi za Magharibi, mtu mzima kukimbia barabarani kwa ajili ya afya tu lilikuwa jambo la kushangaza. Kule Auckland, New Zealand, kulikuwa na kocha anaitwa Arthur Lydiard. Pamoja na kufundisha mabingwa wa Olimpiki, alikusanya watu wa kawaida, wengine wanaume wa makamo wenye maradhi ya moyo, akawafundisha kukimbia polepole. Kipimo chake kilikuwa rahisi: kimbia kasi ambayo bado unaweza kuongea na mwenzako. Ukikata pumzi, umezidisha.

Mwishoni mwa 1962 akaja mgeni kutoka Marekani, Bill Bowerman, kocha wa Chuo Kikuu cha Oregon, ambaye baadaye alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Nike. Akatoka na kikundi cha Lydiard, na wazee waliomzidi umri wakamwacha nyuma. Yeye, kocha mzima! Aliporudi kwao alianzisha vikundi kama vile, na mwaka 1967 akatoa kitabu cha kuwafundisha watu kukimbia polepole. Hakukiandika peke yake. Alishirikiana na Waldo Harris, daktari wa moyo.

Hapo nilisimama kidogo. Bowerman alikuwa amefundisha wakimbiaji miaka na miaka, na bado alimtafuta daktari kabla ya kuwaambia watu wasiomjua wakimbie. Mimi nilitafuta muziki.

Tena angalia lile wazo la kuongea na mwenzako. Ndani yake kuna mwenzako. Kuna mtu pembeni anayesikia pumzi zako na kuona kama unachechemea. Ushauri ulipotoka kwenye kikundi ukaingia kitabuni, kisha magazetini, kisha kwenye simu, huyo mtu wa pembeni alipotea njiani. Kilichobaki ni ratiba tu.

Sasa njoo Mombasa.

Tarehe 24 Machi 2007, kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari hapa kisiwani, palifanyika Mashindano ya Dunia ya Mbio za Nyika. Mimi sikuwa nimeingia nasari wala chuo cha Kurani, kwa hivyo siwezi kujifanya nakumbuka. Lakini muulize mkubwa yeyote wa hapa. Watu walijaa.

Bingwa alikuwa Kenenisa Bekele wa Ethiopia. Tangu 2002 hadi 2006 alikuwa ameshinda mbio hizi kila mwaka, za masafa mafupi na marefu zote. Rekodi za dunia za mita 5,000 na mita 10,000 zilikuwa zake. Kama kuna mtu duniani aliyekuwa na ushauri bora, makocha bora na viatu bora, ni yeye.

Ila wewe mtu wa Mombasa unaujua mwezi wa Machi. Kaskazi imelegea, mvua za masika bado, hewa imesimama kama ya jikoni. Jasho linakupoza pale linapokauka kwenye ngozi. Hewa ikiwa imejaa unyevu, jasho halikauki, linadondoka chini bure. Moyo unatakiwa kupeleka damu kwenye misuli na wakati huo huo kuipeleka kwenye ngozi ikapoe. Kazi mbili, pampu moja.

Mzunguko wa mwisho, Bekele akiwa bado anapigania ushindi, mwili ulikataa. Akasimama, akatoka nje ya mbio. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda, Moses Mosop wetu akawa wa pili. Siku hiyo si Bekele peke yake aliyeshindwa kumaliza. Mwaka uliofuata, kwenye baridi ya Edinburgh, Bekele yule yule alirudi akashinda tena.

Mtu ni yule yule, kipaji ni kile kile. Kilichobadilika zaidi ni mahali. Mwili unahitaji kama siku kumi hadi wiki mbili kuzoea joto, na hata ukizoea, kuna kasi ambayo mahali hapakupi. Ratiba niliyoitia Kiswahili ilikuwa inasema ukimbie wakati wa mapumziko ya mchana. Iliandikwa na mtu ambaye mchana wake una nyuzi joto kumi na tano. Mimi nikaitangaza Mombasa, mwezi wa Machi, na wengine mlikuwa mmefunga. Wallahi sikufikiria.

Baada ya hapo dunia ikaingia kwenye homa ya miguu mitupu. Mwaka 2009 kilitoka kitabu cha Christopher McDougall, Born to Run, na mwaka 2010 Daniel Lieberman wa Harvard akachapisha utafiti uliolinganisha watu wanaokimbia peku na wanaokimbia na viatu. Baadhi ya waliopimwa walikuwa vijana wa Bonde la Ufa, hapa Kenya, waliokulia peku. Utafiti ulihusu jinsi mguu unavyotua chini. Huko nje watu wakausoma kama ruhusa: Wakenya wanakimbia peku, nasi tuvue. Mtu aliyevaa viatu miaka thelathini akavua siku moja. Mwaka 2014 Vibram, watengenezaji wa vile viatu vyenye vidole, walikubali kutoa dola milioni 3.75 kumaliza kesi iliyodai kwamba walitangaza faida zisizo na ushahidi. Kosa hawakulikiri.

Mnaona mtindo? Kitu cha kweli kuhusu mwili wa mtu fulani, wa mahali fulani, kinageuzwa amri kwa kila mtu.

Sasa utaniuliza, je, ushauri mzuri wa mtandaoni, ule ulioandikwa na wataalamu wenyewe, unasaidia? Swali hili limeshapimwa. Rotterdam, Uholanzi, watafiti waliwachukua wakimbiaji wa kawaida 2,378 waliojiandikisha kwa mashindano mbalimbali. Nusu walipewa programu ya mtandaoni ya kuzuia majeraha, nusu hawakupewa. Matokeo yalichapishwa 2019. Katika kila kundi, karibu watu 37 kwa kila 100 waliumia. Programu haikupunguza kitu.

Ile sheria maarufu ya kuongeza asilimia 10 kwa wiki nayo ilipimwa kabla ya hapo, mji wa Groningen, na ikachapishwa 2008. Wanaoanza 532. Wengine walipanda polepole kwa wiki 13, wengine kwa ratiba ya kawaida ya wiki 8. Pande zote mbili, karibu mtu mmoja kati ya watano aliumia.

Niliposoma haya nilifurahi kwa dakika moja. Nikajiambia, basi si kosa langu, hata madaktari wameshindwa. Kisha nikakumbuka lile jibu langu, "kaza dadangu". Hakuna utafiti ulioniambia nimjibu vile. Yeye alikuwa ameshanipa habari yote ya maana: mfupa, pahali pamoja, maumivu ya kubonyeza. Ratiba haikuwa na masikio, lakini mimi nilikuwa nayo.

Kuna kazi nyingine iliyotoka 2025, na hii nataka muishike. Watafiti walifuatilia wakimbiaji zaidi ya 5,200 waliovaa saa za Garmin, kwa miezi 18. Walichokiona ni kwamba jumla ya wiki haikuwa ndiyo hatari kubwa. Hatari ilikuwa kwenye mbio moja. Ukitoka siku moja ukapita kwa zaidi ya asilimia 10 ile mbio yako ndefu kuliko zote za siku 30 zilizopita, uwezekano wa kuumia unapanda.

Nikafungua ratiba yangu nikaipigia hesabu. Siku ya saba kilomita 3. Siku ya nane kilomita 5. Hiyo ni nyongeza ya zaidi ya asilimia 60 kwa usiku mmoja. Na pale kwenye video nilikuwa nimeandika kwa herufi kubwa kwamba ni ratiba ya wanaoanza.

Ile video nimeifuta. Najua nakala zake bado zinazunguka, kwa hivyo ukikutana nayo, mwambie aliyeituma asome hapa. Na haya ndiyo ninayoweza kuyasema sasa, kama kijana asiye na cheti chochote cha tiba.

Angalia mbio yako ndefu ya mwezi huu. Kama ni kilomita 5, inayofuata isizidi tano na nusu, hata kama rafiki zako wanakwenda kumi. Kama hujakimbia kabisa, tembea kwanza, kisha changanya kutembea na kukimbia.

Kimbia baada ya Alfajiri au jua likishalegea. Ukihisi kizunguzungu, kichefuchefu au unaanza kuchanganyikiwa, simama, nenda kivulini, jimwagie maji, mwite mtu. Mashindano yoyote hapa mjini hayana uzito wa yale ya 2007, na bingwa wa dunia alisimama.

Misuli kuchoka pande zote mbili ni kawaida. Maumivu ya mfupa, pahali pamoja, yanayozidi ukikimbia, hayo ni ya hospitali. Usiniandikie mimi. Usimwandikie mtu yeyote mwenye taa ya video.

Na tafuta mtu wa pembeni. Hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa. Kwa miaka sitini sasa ushauri umekuwa ukiongezeka na mtu wa pembeni akipungua. Simu inaweza kukwambia kilomita ngapi. Haiwezi kuona kwamba leo unaburuza mguu wa kushoto, au kwamba raba zako za mitumba za Kongowea zimelika upande mmoja. Mwenzako anaona.

Mtoto wa ami yangu amepona, na amepata kibarua kingine, ingawa mshahara ni mdogo kuliko wa kwanza. Hilo sitaweza kulirudisha. Juma lililopita alinitumia ujumbe kwamba anataka kuanza tena. Nikamjibu nitakuja.

Tukakutana mbele ya Fort Jesus, jua halijachomoza. Hatukuwasha kamera. Tukatembea, tukakimbia dakika moja, tukatembea tena. Yeye ndiye aliyekuwa akiamua. Mamake alituona tukirudi, akanitazama mimi, akamtazama bintiye anavyotembea, akaingia ndani kutia chai.

Jumamosi tuko pale pale. Ukija, njoo na mwenzako.