Wakala na "Cha Juu": Zawadi ni ya Nani?

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baada ya hayo:

Hapa Ilemela tumeulizwa na vijana wanaonunua dagaa mwaloni Kirumba kwa fedha za matajiri wao: kile ambacho muuzaji humpa mnunuzi pembeni, "cha juu", je, ni halali yake?

Suala hili si geni ziwani. Katika karne ya 19 biashara ya pwani ilifika kusini mwa Nyanza kwa njia ya Tabora. Mwenye mali yuko Unguja, mtu wake yuko mbali safari ya miezi. Tajiri hakuiona bei wala mizani. Alitegemea amana tu. Fiqhi ya Kishafii iliyosomeshwa pwani, kama ilivyo katika Minhaj ya Imam Nawawi (aliyefariki 676 H/1277), imeweka mipaka: wakala hajiuzii mwenyewe mali aliyowakilishwa, wala haiuzi kwa hasara ya wazi.

Asili yake ni visa viwili. Bukhari amepokea kuwa Urwa al-Bariqi alipewa na Mtume (s.a.w.) dinari moja anunue mbuzi. Alinunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi na dinari. Mafaqihi wamekhitilafiana kuhusu kuuza kwake bila ya idhini. Lakini faida yote aliirejesha, naye akaombewa baraka. Ama Ibn al-Lutbiyya, aliyetumwa kukusanya zaka, alisema: hiki chenu, hiki nimezawadiwa. Mtume (s.a.w.) akakemea juu ya mimbari: lau angekaa nyumbani kwa wazazi wake, angeletewa zawadi hiyo?

Hicho ndicho kipimo. Muuzaji hakukupa kwa ajili ya uso wako, bali kwa ajili ya fedha za tajiri ulizozishika. Hata sheria ya mikataba ya Tanganyika ya mwaka 1961, iliyofuata ile ya Uhindi ya 1872, humpa mwenye kazi haki ya kudai faida ambayo wakala wake aliipata kwa kujifanyia biashara yake ndani ya kazi hiyo bila ya kumjulisha.

Basi tunasema: mweleze tajiri wako. Akiridhia, ni halali yako. Akikataa, ni mali yake. Aliyekwisha kula kwa siri arejeshe au aombe kusamehewa. Na tajiri naye aweke ujira unaojulikana, autoe kwa wakati, asimsukume kijana kwenye khiyana.

Wallahu a'lam.