Dhahabu ya Kilwa na Hukumu ya Takabari

Msafiri avukaye kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani, akaupita mji wa kale na msikiti wake mkuu, akaendelea upande wa mashariki mpaka ukingoni mwa genge linaloitazama bahari, hukuta magofu ya jumba liitwalo Husuni Kubwa; na kama amelelewa pwani, ambako kisa cha Karuni aliyemezwa na ardhi pamoja na hazina zake husimuliwa kwa watoto kabla hawajahitimu chuoni, hukumu humjia ulimini bila ya kutafutwa: alikuwako mfalme mwenye takabari, na Mola akamshusha. Hukumu hiyo ni nyepesi mno, na habari zilizoandikwa juu ya Kilwa hazikubali kufungwa ndani yake.

Utajiri wa Kilwa haukutoka katika ardhi ya Kilwa. Dhahabu ilichimbwa mbali bara, katika nchi ambayo leo ni Zimbabwe, ikateremshwa mpaka bandari ya Sofala, na kutoka huko ikapandishwa kaskazini kwa vyombo vya pwani. Na kwa sababu merikebu za Arabuni na Bara Hindi, zilizokuja na kaskazi na kurejea na kusi, aghalabu hazikuwahi kufika Sofala na kurudi katika msimu mmoja, biashara ilikomea Kilwa, na Kilwa ikatoza ushuru. Mwanzoni mwa karne ya 14 ushuru huo ulikuwa mikononi mwa Sultani al-Hasan bin Sulaiman wa ukoo wa Mahdali, ambaye kwa wingi wa hiba zake alipewa lakabu ya Abu'l-Mawahib. Yeye ndiye anayehesabiwa kuwa mjenzi wa Husuni Kubwa: jumba la matumbawe na chokaa lenye vyumba zaidi ya 100, ua wa baraza, maghala ya bidhaa, ngazi ya kuteremkia pwani, na birika la kuogea lenye pembe nane, ambalo kulijaza maji juu ya genge lile bila shaka ilikuwa kazi ya mikono mingi. Jumba lenyewe halikukamilika. Lilikaliwa muda mchache, kisha likaachwa.

Haya yangemtosha mwenye haraka ya kuhukumu. Lakini mwaka 1331 alifika Kilwa Ibn Battuta, msafiri wa Tangier, akamwona sultani huyo kwa macho yake, naye anamsifu kwa unyenyekevu, kwamba aliketi na mafakiri akala pamoja nao, na akawatukuza wanazuoni na masharifu. Anasimulia kuwa Ijumaa moja, sultani alipokuwa akitoka msikitini, fakiri wa Kiyemeni alimsimamisha njiani, akamwita kwa lakabu yake. Sultani akaitika labeka, akamwuliza haja yake. Fakiri akazitaka nguo zile zile alizozivaa. Sultani akakubali, fakiri akazitaka saa ile ile, sultani akakubali tena, akarudi msikitini, akaingia katika nyumba ya khatibu, akabadili nguo, akampa. Mwanawe, mrithi wa kiti, akazichukua tena nguo zile na badala yake akampa fakiri watumwa 10. Na sultani aliposikia jinsi watu walivyolisifu tendo hilo, akaamuru aongezewe watumwa wengine 10 na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Mtu wa namna hii si Karuni. Hata hivyo msafiri yule yule aeleza kwamba sultani alikuwa akizishambulia mara kwa mara nchi za Wazanji, akachukua ghanima, akatenga khumsi, yaani sehemu moja ya tano, kama ilivyoamrishwa. Na majina ya wale watu 20, waliokuwa bei ya nguo za mfalme, hayakuandikwa popote. Ikiwa mizani ya Mwenyezi Mungu ilitundikwa Kilwa, mimi siamini kwamba iliyapima matumbawe ya Husuni; naamini iliwapima watu hao, waliotolewa katika tendo ambalo mji mzima ulilihesabu kuwa wema. Wala dhuluma hiyo haikufa pamoja na enzi ya dhahabu, kwani mwaka 1776, Kilwa ilipokuwa ikijiinua baada ya unyonge wa muda mrefu, sultani wake alifunga mapatano na Mfaransa aitwaye Morice ya kumwuzia watumwa 1,000 kila mwaka.

Abu'l-Mawahib alipokufa akatawala nduguye Dawud, aliyekuwa kinyume chake kwa tabia: mwombaji alipomjia, humjibu kwamba aliyekuwa akitoa amekwisha kufa, na hakuacha cha kutoa. Katika habari zote za Kilwa sijapata kusoma maneno yaliyolieleza jambo la mali kwa ufupi kama hayo, ijapokuwa aliyeyasema alikuwa bahili.

Wareno hawakuwa malaika wa adhabu, ingawa walijidhania hivyo. Mwaka 1502 Vasco da Gama alimtoza kodi ya dhahabu Amiri Ibrahim, aliyekuwa akitawala Kilwa, kwa kumtisha na mizinga. Julai 1505 akaja Francisco de Almeida na jeshi lake. Amiri akakimbia, mapadri wakashuka pwani na misalaba miwili wakiimba Te Deum, wakaenda mpaka kwenye jumba la mfalme, msalaba ukawekwa, jemadari akasali, na baada ya sala watu wote wakaanza kuupora mji. Mfuatano huo wa mambo umeandikwa na mmoja wa watu wao wenyewe, bila ya kuona haya. Wakajenga ngome, wakamtawaza mtu wao, wakaingojea dhahabu. Lakini dhahabu hufuata biashara, na biashara walikuwa wameivunja kwa mikono yao, hata wafanyabiashara wakatafuta bandari nyingine. Mwaka 1512 wakaiacha ngome wakaondoka. Ikiwa takabari huhukumiwa papa hapa duniani, basi waporaji hawakupewa hata miaka 10.

Ama dhahabu ile aliyoitoza Vasco da Gama, ilifika Lisbon mwaka 1503, na Mfalme Manuel akaamuru ifuliwe kuwa monstransi, chombo ambacho Wakatoliki huwekea ekaristi ili iabudiwe. Kazi ilimalizika mwaka 1506. Maandishi yaliyo chini yake yanamwita mfalme huyo mtukufu mno na bwana mwenye nguvu, na yanasema wazi kwamba chombo kimetengenezwa kwa dhahabu ya kodi ya Kilwa; nacho kimo hadi leo katika makumbusho ya taifa ya sanaa za kale mjini Lisbon.