Fundi wa Isfahan na vyombo vya Heatley

Makumbusho ya Historia ya Sayansi mjini Oxford, Uingereza, ni madogo. Yana kumbi tatu tu, moja ikiwa chini ya ardhi, na mwenye haraka huzimaliza kwa nusu saa. Kiingilio hakuna. Jengo lenyewe, lililoko Broad Street, lilifunguliwa mwaka 1683 kuhifadhi mkusanyiko wa Elias Ashmole, na chini yake palikuwa na maabara ya kemia. Ala za sayansi zilianza kupata makao humo baada ya mwaka 1924, Lewis Evans alipokipa Chuo Kikuu cha Oxford saa za jua, astrolabu na vipimo vingine alivyokuwa amevikusanya kwa miaka mingi.

Wageni wengi huulizia kwanza ubao wa Einstein. Aliuandika tarehe 16 Mei 1931, akihadhiri juu ya ulimwengu unaotanuka, na chaki yake ingalipo: hesabu za ukubwa wa ulimwengu, msongamano wake na umri wake. Ubao wa pili ulifutwa kwa bahati mbaya. Ni kumbukumbu ya kuheshimiwa, lakini mimi huvutwa zaidi na vitu vilivyotoka mikononi mwa mafundi.

Chukua astrolabu, ala ya shaba ambayo wanafalaki waliitumia kupimia kimo cha jua na nyota na kujua saa. Makumbusho haya yana mkusanyiko mkubwa kuliko wowote duniani. Ipo moja iliyotengenezwa na Muhammad ibn Abi Bakr wa Isfahan mwaka 618 wa Hijria, yaani 1221 au 1222. Ndani yake mna magurudumu ya meno yanayosukumana, na nyuma kuna kidirisha kinachoonyesha mwezi ukikua na kupungua. Mashine ya magurudumu ya meno iliyo kamili na ya zamani kuliko hiyo haijulikani. Msomaji wa pwani, aliyezoea mjadala wa kuandama kwa mwezi kila Ramadhani inapokaribia, ataelewa mara moja kwa nini fundi yule alijitaabisha kuchonga meno madogo kiasi kile.

Kisha kuna chombo cha kauri ambacho mtu anaweza kukipita bila kukitupia jicho. Ni bapa, kina pembe nne na mdomo mfupi ubavuni. Kilitumika kuoteshea ukungu wa penisilini.

Alexander Fleming aliuona ukungu huo mwaka 1928, ila kuugeuza dawa kulikuwa kazi ya kundi la Oxford lililoongozwa na Howard Florey na Ernst Chain. Tarehe 25 Mei 1940 waliwadunga panya wanane vijidudu vya kuua. Wanne walipewa penisilini. Norman Heatley, mmoja wa kundi hilo, alikesha nao mpaka usiku wa manane ulipopita, akawaona wale wanne wasiotibiwa wakifa mmoja baada ya mwingine.

Tatizo likawa kiasi. Ukungu ulitoa dawa kidogo mno, na Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekausha vifaa. Heatley alijaribu vyombo vya kila namna, akagundua kwamba kile anachotumia kujisaidia mgonjwa asiyeweza kutoka kitandani kinafaa kuliko vingine. Akachora chake kwa mfano huo, kinachoweza kupangwa kimoja juu ya kingine, na kiwanda cha vyungu huko Burslem kikakifinyanga. Vya kwanza, 174, alivifuata kwa gari la kuazima siku chache kabla ya Krismasi. Sikukuu yenyewe alikuwa maabara, akipanda ukungu.

Februari 1941 dawa ilimfikia Albert Alexander, polisi aliyekuwa ameoza uso kwa maambukizi. Alipata nafuu ya ajabu. Dozi zilipopungua, waliichuja penisilini kutoka kwenye mkojo wake na kumdunga tena. Ikaisha kabisa, naye akafa Machi 15.

Mtu aliyewahi kuchomwa sindano ya penisilini zahanati anapaswa kulijua jina la Heatley. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1945 walipewa Fleming, Florey na Chain, yeye hakuwamo. Mwaka 1990 Oxford ilimtunuku udaktari wa heshima wa tiba, wa kwanza kupewa mtu asiye tabibu katika historia ya chuo hicho.