Gego la Miaka Sita: Kosa Langu la Katilu na Jinsi ya Kulinda Meno na Fizi

Dada yangu ameolewa na mfanyabiashara, na kwa miaka kadhaa sasa wanaishi Katilu, Turkana Kusini, kando ya mto Turkwel. Shemeji ana duka la rejareja huko. Mpwa wangu alipokuwa na miaka saba, dada alinipigia simu kuwa mtoto ana shimo kwenye gego la chini na usiku hapati usingizi. Nikajibu kwa ujuzi wa mtu asiyejua: hayo ni meno ya utoto, yatang'oka yenyewe, mpe tembe ya maumivu alale.

Baada ya miezi mitatu nilikwenda kuwazuru, nikamkuta mtoto shavu limefura. Tulimpeleka kwa tabibu wa meno. Alitazama, akasema jino haliokoleki, kisha akaongeza neno lililonichoma: hili si la utoto, ni la ukubwani, na likitoka halioti jingine.

Ndugu msomaji, nimeandika makala haya ili mjomba mwingine asirudie kosa langu.

Jino linalotuhadaa

Meno ya utoto ni 20. Huanza kuota mtoto akiwa na miezi sita hivi na hukamilika akikaribia miaka mitatu. Afikapo miaka sita au karibu na hapo, gego la kwanza la ukubwani huchomoza nyuma kabisa ya magego ya utoto. Halingoji jino lolote ling'oke kulipisha, ndiyo maana wazazi wengi hawajui kuwa limefika. Yapo manne: mawili juu na mawili chini.

Kipimo chake ni rahisi. Mfumbue mtoto kinywa, uhesabu meno ya upande mmoja kutoka katikati kwenda nyuma. Matano ya kwanza ni nafasi za meno ya utoto. La sita ni la ukubwani, na hilo atakula nalo mpaka uzeeni akilitunza.

Hata meno ya utoto si ya kupuuzwa. Yanashika nafasi ya yale yajayo, na usaha wake unaweza kudhuru jino changa lililo chini yake.

Jino huozaje?

Wazee walituambia kuna mdudu anayetoboa jino. Ukweli ni kwamba kinywani mna bakteria wanaojenga utando laini juu ya meno. Tukila kitu chenye sukari, wao nao hula, kisha hutoa asidi inayoyeyusha madini ya jino. Asidi hiyo hufanya kazi kwa takriban nusu saa, halafu mate huituliza na kuanza kurudisha madini.

Kwa hiyo hesabu kubwa ni mara ngapi kwa siku meno yanaguswa na sukari, kuliko kiasi gani unakula kwa mara moja. Peremende tatu baada ya chakula cha mchana ni shambulio moja. Peremende hizo hizo zikigawanywa asubuhi, mchana na jioni ni mashambulio matatu. Mpwa wangu alikuwa mtoto wa dukani, na mkono wake ulikuwa kwenye kopo la peremende kutwa nzima.

Na sisi wa Pwani tusijione bora. Mtoto anapewa mabuyu ya rangi njiani kwenda madrasa, akirudi anakuta kaimati na juisi. Vijana wanatafuna muguka kwa bigijii na soda kwa saa nyingi mfululizo. Soda ya mililita 300 ina sukari ya gramu 30 hivi, yaani vijiko saba vya chai. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kuwa sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi. Kwa mtu mzima, hiyo asilimia 5 ni vijiko sita hivi kwa siku. Soda moja tayari imevuka.

Mswaki wa mti na mswaki wa dukani

Katilu nilifurahi kuuona mti ninaoujua. Waturkana huuita esekon, nasi tunauita mswaki. Wataalamu wa mimea huuita Salvadora persica. Ni ule ule unaouzwa nje ya misikiti yetu, na Mtume (s.a.w.) aliuhimiza sana. Shirika la Afya Duniani nalo, katika miaka ya 1980, lilihimiza utumike pale ambapo ni desturi ya watu. Ukitumiwa vizuri unaondoa utando na kusaidia fizi. Kata ncha mbichi, itafune mpaka iwe nyuzi laini, sugua taratibu kutoka kwenye ufizi kuelekea ncha ya jino, na ncha ikichakaa ikate upya.

Lakini tuseme kweli. Wengi wetu tunasugua meno ya mbele tu, yale yanayoonekana tukicheka. Magego ya nyuma na upande wa ndani hayaguswi, na huko ndiko kuoza kunakoanzia. Tena kijiti hakikupi floraidi ya kutosha, ile inayoimarisha jino dhidi ya asidi. Mimi natumia vyote viwili: kijiti kabla ya sala, na mswaki wa dukani wenye nyuzi laini asubuhi na usiku.

Dawa ya meno iwe na floraidi kati ya 1,000 na 1,500, kipimo kilichoandikwa ubavuni mwa tyubu. Mtoto chini ya miaka mitatu anapakiwa kiasi cha punje ya mchele. Wa miaka mitatu hadi sita, kiasi cha punje ya njegere. Sugua kwa dakika mbili, tema povu, usisukutue kwa maji mengi. Mara ya usiku ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu ukilala mate hupungua. Mtoto mchanga asilale na chupa ya maziwa au juisi kinywani. Na mpaka afike miaka saba au minane, mzazi asimamie mwenyewe.

Ramadhani, piga mswaki baada ya daku kabla ya adhana. Kuhusu dawa ya meno mchana wa saumu, muulize shehe wako.

Meno ya kahawia

Turkana utaona watu wenye meno ya madoa ya kahawia. Mgeni hudhani ni uchafu. Mara nyingi ni floraidi iliyozidi katika maji ya chini ya ardhi, jambo la kawaida katika Bonde la Ufa. Floraidi kidogo hulinda jino; ikizidi miligramu 1.5 kwa lita ya maji ya kunywa, huharibu rangi ya meno ya mtoto yakiwa bado yanajengeka ndani ya fizi, na ikizidi sana hudhuru mifupa.

Madoa hayo hayatoki kwa mchanga, jivu wala mkaa. Ukisugua hivyo unamaliza jino. Na kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapungua, floraidi inabaki. Maji ya mvua karibu hayana floraidi. Penye kisima kinachoshukiwa, waulize maafisa wa maji kama kimepimwa. Katika maeneo hayo mtoto atumie dawa ya meno kidogo tu, na afundishwe kuitema.

Fizi za watu wazima

Ripoti ya kitaifa ya afya ya kinywa ya Kenya ya mwaka 2015 ilikuta takriban robo ya watoto na theluthi ya watu wazima wana meno yaliyooza. Fizi zinazotoka damu zilikuwa karibu kwa watu wazima wote.

Ufizi ukitoka damu, wengi huacha kuugusa. Hapo wanakosea. Damu ni ishara ya utando ulioachwa. Sugua kwa upole kila siku, na kwa kawaida hupungua baada ya wiki moja au mbili. Utando ukikaa hugeuka ukoga mgumu, ambao mswaki hauwezi kuutoa, na lazima ukwanguliwe na tabibu. Ukiachwa, ufizi hurudi nyuma, mfupa hulika, na jino zima lisilo na tundu hata moja hulegea na kung'oka. Tumbaku, ya kuvuta au ya kutafuna, huzidisha hali hii. Mwenye kisukari awe macho zaidi, maana kisukari hudhoofisha fizi, na fizi mbovu hufanya sukari ya damu iwe ngumu kudhibiti. Mjamzito fizi zake huvimba kwa urahisi, naye asiache mswaki.

Usingoje shavu lifure

Doa jeupe la chokaa au jeusi juu ya jino, au jino kushtuka kwa baridi na vitu vitamu, ndio wakati wa kwenda kwa tabibu. Hapo huenda likazibwa. Karafuu hutuliza maumivu lakini haitibu. Maji ya betri na aspirini iliyosagwa juu ya ufizi huunguza nyama. Shavu likifura pamoja na homa, au mgonjwa akashindwa kumeza au kufungua kinywa, huo ni usaha unaosambaa: nenda hospitali saa hiyo hiyo.

Mpwa wangu sasa ana pengo. Magego yake mengine matatu ni mazima, na dada ameweka sheria: kitamu ni baada ya chakula cha mchana tu, na kopo la peremende limepandishwa rafu ya juu. Usiku nikipiga simu, kabla sijasalimia huniambia, "Mjomba, nishapiga mswaki, mpaka la sita." Usiku wa leo, mwenye mtoto wa miaka sita nyumbani achukue tochi ahesabu.